Bustani ya masika, kazi ya kaskazi

Ukipita Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwezi wa Februari, saa tisa za mchana, ukamkuta mama wa watu anang'oa mawe kwa mtaimbo nyuma ya nyumba yake, usimuulize anajenga nini. Analima. Mbinguni hapana hata wingu la kusingizia, mchicha wa mwisho wa vuli mbuzi wameshaumaliza, na yeye anatengeneza tuta la mboga atakazochuma Aprili. Mimi ni mmoja katika hao wang'oa mawe. Tuna kikundi chetu cha bustani za nyumbani, wanawake wengi na wanaume wachache, na kila majira haya yakifika huulizwa na jamaa zangu wa mjini kwa nini tusingoje mvua inyeshe ndipo tuanze. Leo nawajibu kwa urefu, maana kwenye shughuli za watu huwa sipewi nafasi ya kumaliza.

Anayeuliza hivyo mara nyingi amezaliwa upande wa magharibi wa kisiwa. Kule Mwera, Kizimbani, mpaka Donge, jembe linazama. Mvua ya kwanza ikipiga unatoka na mbegu zako mkononi, unapiga tuta asubuhi, jioni umeshapanda. Huku kwetu kusini, na pwani yote ya mashariki kuanzia Jambiani, Paje na Bwejuu kwenda juu, kisiwa ni jiwe. Ni matumbawe ya zamani yaliyotoka baharini, ndiyo tunayoita maweni, na udongo unaupata kwa kuutafuta: mfuko mmoja mdogo wa udongo mwekundu katikati ya mawe mawili, mwengine hatua kumi mbele. Unguja hupata wastani wa kama milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa ya maji hayo hushuka baina ya Machi na Mei, lakini mvua inayoanguka juu ya maweni matupu haikai. Inapenya kwenye matundu, inaingia mapangoni, na safari yake inaishia baharini. Asiyetengeneza mahali pa kuyashika maji hayo kabla hayajafika, masika kwake ni matope mlangoni na basi.

Kwa hivyo kazi yetu ya kaskazi, yaani msimu wa jua kali kabla ya masika, haihusu mbegu hata kidogo. Ni kutengeneza udongo.

Lini hasa? Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika kabla msimu haujaingia, nasi tunausikiliza redioni na kuutumiana kwenye simu. Lakini wazee wa hapa walikuwa na hesabu yao, na kwa kupanga kazi mimi naiona bado inafaa. Mwezi wa kuandama haumwambii mkulima mvua itakuja lini, kwa sababu kila mwaka unarudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja. Ramadhani, ambayo miaka hii imetukuta Februari na Machi, mwaka 2030 inatazamiwa kuingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Ndiyo maana wakulima na manahodha walihesabu kwa Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, uliogawiwa miongo ya siku kumi kumi, miongo 36 na siku tano za ziada. Siku ya kwanza ya mwaka huo ndiyo tunayoisherehekea hapa kwetu kwa Mwaka Kogwa, katika sehemu ya mwisho ya Julai, siku ambayo wageni hujaa kutazama wanaume wakichapana kwa mabua ya migomba. (Migomba hiyo hukatwa viamboni mwetu, na hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza nani ameipanda.)

Sasa hesabu mwenyewe. Ukianzia tarehe 24 Julai, katikati ya Machi, masika yanapoanza kutazamiwa, inaangukia mwongo wa 24. Katika kikundi chetu yuko bibi mmoja ambaye kalenda ya ukutani kwake ni pambo tu, na huyu ndiye saa yetu. Alishaniambia, "Mwongo wa ishirini ukitoka, mwanangu, samadi iwe imeshapoa." Mwongo wa ishirini hutoka siku za mwanzo za Februari. Samadi ili ipoe inataka wiki sita mpaka nane tangu kurundikwa. Rudi nyuma sasa: maana yake rundo liwe limesimama Disemba, wakati mvua za vuli zinamalizikia na majani bado mabichi. Sisi wengine wenye shughuli nyingi na uvivu kidogo huanza Januari, tukasogea mpaka Machi yenyewe, na mvua hutustahamilia. Anayeanza Aprili amechelewa.

Binamu yangu aliyeko London amekodi kipande cha ardhi ya bustani kutoka baraza la mtaa wake, na kila Machi hunitumia picha za miche ya tungule (nyanya) iliyopangwa dirishani ndani ya nyumba. Haithubutu kutoka nje mpaka Mei, kwa sababu usiku mmoja wa jalidi unaiua yote. Yeye anangoja baridi iondoke na mimi nangoja jua lilegee. Nilipompelekea picha ya tuta langu aliniuliza lile rundo la mawe ni la nini.

Jambo jengine linalopanga kazi zetu ni bahari. Wengi katika kikundi ni wakulima wa mwani, kilimo kilichoingia pwani yetu ya mashariki mwaka 1989 na tangu hapo kikashika saa za wanawake wa huku. Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, hakuna utakayempata nyumbani. Wote wako kwenye vigingi vyao. Ukitangaza kikao Jumamosi na Jumamosi hiyo ikaangukia bamvua, utakaa peke yako chini ya mkungu. Kwa hivyo sisi hatuna Jumamosi. Tunakutana maji mafu, yaani mwezi ukiwa wa siku saba au nane na tena ukifika ishirini na mbili hivi. Mwezi ule ule usiojua mvua ndio unaotupangia vikao.

Utaratibu wa kikao ni mwepesi. Tunakwenda nyumba moja, tunafanya kazi ya nyumba hiyo, tunaondoka, na mara nyengine ni zamu ya nyumba nyengine. Wazee na wajane hutangulizwa. Mwenye mgongo mbovu hachimbi, anachekecha udongo. Mwenye nyumba hutoa chai na muhogo, na Ramadhani hatoi kitu, tunafanya kazi baada ya alasiri na kila mtu anawahi kwake kabla ya adhana ya magharibi. Hatuna ofisi, hatuna bango barabarani, na mfuko wetu wa fedha ni mdogo kiasi kwamba haujawahi kugombanisha watu.

Tuta lenyewe hutengenezwa hivi. Hutafutwa mahali ambapo mawe yameachana. Yanayong'oka hung'olewa, na hayo hayo hupangwa pembeni yakawa ukuta wa kimo cha goti, bila ya saruji wala chokaa. Chini kabisa hulazwa makumbi ya nazi, tumbo juu, ili yashike maji. Makumbi yana wateja wengi, maana wako wanaoyafukia pwani kwa ajili ya usumba wa kusokotea kamba na wako wanaopikia, kwa hivyo ni lazima uanze kuyaweka tangu mapema, kila nazi inayofuliwa nyumbani. Juu ya makumbi huja majani makavu ya mkungu na ya mwembe, halafu migomba iliyokatwakatwa, halafu samadi ya mbuzi, halafu udongo uliochekechwa, na mzunguko huo unarudiwa mpaka ukuta ujae. Kila tabaka linatiwa maji kabla ya kuwekwa jengine. Mwisho rundo linafunikwa kwa makuti kuukuu au mkeka uliokwisha kazi, kwa sababu jua la kaskazi likilipiga wazi wazi litalikausha na mchwa watalihamia.

Baada ya siku chache tia mkono katikati. Utautoa haraka; pana moto mle. Moto huo ndio unaoivisha mbolea na kuua sehemu kubwa ya mbegu za magugu, na mche ukipandwa humo sasa hivi mizizi itaungua. Ndilo neno la bibi la samadi kupoa. Rundo likipoa hushuka, wakati mwengine mpaka nusu ya kimo chake, na harufu ya samadi huondoka, ikabaki ya udongo ulionyeshewa. Chukua konzi moja uifumbate. Ikishikana, na ukiigusa kwa kidole ikavunjika, tuta liko tayari. Ikitoa maji bado bichi. Ikimwagika tu, umelinyima maji.

Wako wanaouliza juu ya majani ya bahari, yale yanayotupwa ufukweni kwa marundo upepo ukikaza. Ni mali, lakini yana chumvi. Sisi huyatandaza nje yakanyeshewa masika yote, ndipo tukayatumia vuli. Anayeyatoa pwani asubuhi akayatia tutani jioni asije kunilalamikia.

Hapa sina budi kuzungumza habari ya jivu, kwa sababu ndiyo iliyozusha mjadala mkubwa kuliko yote kikundini. Siku moja tuliletewa mtaalamu na mradi mmoja, kijana mzuri, mwenye adabu, aliyetufundisha mengi ya maana, na katika hayo akatwambia tutie majivu ya jikoni kwenye matuta yetu. Watu waliandika. Mtaalamu alipoondoka, mwenzetu mmoja, maalim mstaafu wa skuli, hakusema kitu. Akaingia jikoni kwa mwenye nyumba akatoka na chupa ya siki. Akachota udongo wa tuta akauweka juu ya kigae, akaumiminia siki. Udongo ukachemka! Ulitoa povu jeupe lenye kusikika, tukainama wote kulitazama. Akauliza, "Hii ni nini?" Hakuna aliyejibu. "Hii ni chokaa. Nyinyi mnakaa juu ya chokaa, na jivu nalo ni jamaa yake. Mnataka kuongeza ya nini?"

Na ndivyo ilivyo. Jivu hufaa pale udongo ulipo mchachu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za milimani huko bara, maana hupunguza uchachu. Udongo wetu wa maweni umeelemea upande wa pili tayari. Ukizidisha, mmea unashindwa kuvuta madini ya chuma hata kama yamo, na utaona majani machanga yanakuwa manjano ilhali mishipa yake imebaki kijani. Wengi wakiona manjano hayo hudhani mmea una njaa na kuzidisha samadi. Dawa yake kwetu ni mboji iliyoiva, nyingi, mwaka baada ya mwaka, pamoja na kuacha jivu liende kunakofaa. Jaribu siki nyumbani kwako kabla ya kufuata ushauri wa mtu yeyote, wangu ukiwamo. Ukiona povu, jivu lako liweke kwenye chupa za mbegu: likiwa kavu linasaidia kuzuia wadudu na unyevu.

Maji ndiyo shida ya pili. Kisima cha huku kina chumvi, wakati mwengine kidogo, wakati mwengine ya kuhisi ulimini, na kaskazi ikizidi chumvi nayo huzidi. Bomba hutoka kwa zamu. Kwa hivyo katika miezi hii mitatu tunachagua mmea kwa kutazama ndoo. Spinachi inastahamili maji ya kisima vizuri, na mchicha na bamia hazijambo. Maharage na vitunguu havitaki kabisa, usijisumbue. Maji ya kukoshea vyombo huenda kwenye migomba na mipapai, na yakibaki hulowesha rundo la mboji. Kwenye mboga za majani hatuyatii, kwa ajili ya sabuni na mafuta. Mvua za masika zikianza hufanya kazi ya ziada ambayo watu hawaizingatii: huosha chumvi yote iliyojikusanya tutani wakati wa jua. Ndiyo sababu bustani inayonyweshwa maji ya kisima mwaka mzima bila ya kupumzishwa na mvua huchoka, mwenyewe akadhani amerogwa.

Mbegu nimeziacha nyuma kwa makusudi, maana miradi mingi huanza nazo. Huja gari, hugawiwa pakiti zenye picha nzuri, kabichi na karoti, picha zinapigwa, gari linaondoka. Kabichi inapenda ubaridi, na karoti inataka udongo mlaini wenye kina. Kuzileta maweni, tena mwezi wa Machi, ni kuwatafutia watu huzuni. Sisi mbegu zetu ni zile zinazotukuta na kutujua. Mchicha unaachwa mmoja mmoja uchanue. Bamia tatu nne huachwa mtini mpaka zikauke na kupasuka zenyewe. Kunde tunakula majani kwanza na punje baadaye. Matembele hayana haja ya mbegu. Shina la shubiri moja linatosha. Tungule tunaziachia mbegu zile za aina zisizo chotara tu, kwa mfano Tengeru 97, kwa sababu chotara ukipanda mbegu yake hujui utavuna nini. Mbegu zinakamuliwa na maji yake, zinaachwa kwenye kikombe siku mbili tatu mpaka utando wake uoze, kisha zinaoshwa na kuanikwa kivulini.

Kabla ya kugawana, chupa zote hupimwa. Mbegu kumi katika kitambaa kilichorowa, zinafunikwa, zinatazamwa baada ya siku chache. Zikiota nane, chupa hiyo inagawiwa. Zikiota tatu, wapewe kuku. Kipimo hiki kimewahi kumaliza maneno mengi baina ya watu wazima kuhusu mbegu za nani ni bora.

Na tungule usizipande Aprili, hata mtu akikupa miche ya bure. Mvua nzito na joto vikikutana, ugonjwa wa ukungu unapanda kutoka majani ya chini, na wiki mbili baadaye una vijiti vyeusi. Zilizofaa kwetu ni zile zinazoatikwa mwishoni mwa Aprili au Mei chini ya paa la makuti na kuhamishiwa tutani Juni, wakati mvua zimepungua na kipupwe kinaingia. Aprili ni ya mchicha, matembele, bamia na kunde. Biringani na pilipili ziatike Februari ili zikutane na mvua zikiwa na majani manne matano.

Miche tunailea katika vifuu. Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, na mimi sikumbuki kuikosa, kwa sababu kifuu kina kila kitu. Matundu matatu yanayoonekana kama macho, moja ni laini. Ukilichoma kwa msumari linapita mara moja, na hapo ndipo maji ya ziada yanapotokea. Jaza mboji iliyochekechwa na mchanga kidogo. Kwa mpapai tia mbegu tatu au nne katika kila kifuu, kwa sababu ziko dume na jike na huwezi kuzijua mpaka zitoe maua. Mpapai hautaki mizizi yake iguswe, basi siku ya kupanda kipige kifuu kwa jiwe kivunjike na uteremshe bonge zima shimoni. Maua yakitoka, acha jike na dume moja la kuhudumia mtaa, mengine kata.

Maadui sasa. Wa kwanza ni kuku, na yeye hana msimu. Wa pili mbuzi. Wavuvi hutupa nyavu zilizochakaa, nasi tunaziokota, tunaziosha chumvi na kuzifunga kuzunguka tuta kwenye vijiti vya mkoko mkavu uliookotwa ufukweni. Kuku hawapiti na hewa inapita. Mbuzi ni mazungumzo marefu zaidi, kwani mbuzi ana mwenyewe na mwenyewe ni jirani, na pengine ni yule yule tunayemuomba samadi. Kesi zake zimeshafika kwa sheha na bado hazijaisha. Mvua zikianza hutoka konokono wakubwa, na hao huokotwa usiku baada ya isha kwa tochi ya simu na kupewa bata, ambao hushukuru sana. Kwa wadudu wadogo wa majani tunatumia majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kulala kwenye maji usiku kucha, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo. Yanafaa kwa vidukari. Kantangaze anayetoboa tungule, aliyeonekana nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2014, mwarobaini peke yake haumtoshi. Kwake tunachuma kila jani lenye njia nyeupe na kulichoma moto.

Kuna mabishano ambayo sitaki kuyakimbia. Hoteli ziko jirani, Jambiani na Paje, na zinanunua mboga. Kila mwaka hutokea mtu akasema tuache matembele, tupande majani ya saladi na mnanaa tuwauzie. Sikatai biashara. Lakini nimetazama majumbani mwetu: mboga nyingi tunazonunua zinavuka bahari kutoka bara, na kusi likichafuka, vyombo vikachelewa, fungu la mchicha sokoni hupunguzwa majani na bei hupandishwa siku hiyo hiyo. Ramadhani ndiyo usiseme. Nyumba yenye matuta mawili ya kushiba na mgomba uani haishituki. Nyumba iliyopanda saladi ya hoteli inakwenda dukani kununua mboga kwa fedha ya mboga. Wenye eneo la kutosha wafanye yote mawili. Sisi wenye uwanja wa kuanikia nguo tuanze na sufuria yetu.

Nafasi pekee tunayoitoa kwa kisichopikwa ni mrehani na asumini, kando ya mlango. Harusi haziishi, na vikuba vinauzika kila wiki. Mrehani ukichanua unaita nyuki, nao wakifika hawachagui ua la nani. Mabiringani na matango yaliyo karibu yanafaidika. Mwanzoni maalim alilipinga jambo hili, akasema maua yanakula mboji bure. Sasa ana asumini mbili, na akiulizwa husema ni za mkewe.

Kikao kijacho ni maji mafu yajayo, baada ya alasiri, kwa mjane wa karibu na skuli. Tuta lake limeshapoa na linataka kupangwa upya ukuta wa upande wa mashariki, kwa hivyo wenye mtaimbo waje nao. Anayetaka miche ya mipapai aje na vifuu vyake mwenyewe, vilivyokwisha kutobolewa. Mbegu za bamia zipo za kutosha. Za spinachi zimebaki chache, na hizo zitagawiwa kwanza kwa wale ambao visima vyao vina chumvi zaidi.